Zizi la Vipimo Vinne

Walimu wenzangu mnaobaki kazini, nimewaachia ufunguo wa chumba cha kompyuta, feni moja inayozunguka ikijisikia, na maelezo haya. Habari za madaraja na mishahara sitazigusa. Hizo mnazijua, na mstaafu akianza kuzisimulia, wasikilizaji wote hukumbuka kwamba wana safari. Nitaeleza kazi yenyewe: miaka niliyotumia katika chuo cha ualimu hapa Musoma nikiwaonyesha vijana umbo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuliona, nami nikiwa mmoja wa hao wasioliona.

Siku ya kuripoti nilivaa koti zito la kuazima, nikafika ofisini nimelowa jasho kama niliyevuka ziwa kwa kuogelea. Mkuu wa chuo alivisoma vyeti vyangu vya hisabati kwa muda mrefu, kisha akauliza kama naweza kuchora. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa mahesabu. "Basi nenda kwa Magesa akakutibu," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Mzee Magesa alifundisha uchoraji wa kiufundi. Alikuwa mtu wa Makoko, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Chumba chake kilinuka gundi na dagaa, kwa sababu kila asubuhi alipita sokoni Mwigobero kununua mboga na kuihifadhi kwenye droo moja na rula. Ukiazima rula ya Magesa, wanafunzi walijua.

Hakunipa kiti. Alinipa boksi la waya alilolitengeneza kwa spoku za baiskeli, kingo tupu bila kuta, akafunga madirisha na kuwasha tochi karibu kabisa na boksi. Kivuli kikaangukia ukutani.

"Unaona nini?"

"Mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, na mistari inayounganisha kona zao."

"Boksi hili lina upande mdogo na upande mkubwa?"

"Hapana, Mzee. Pande zote ni sawa."

"Sasa mbona ukuta unasema uongo?"

Nikafikiri. Upande ulio karibu na tochi ulitupa kivuli kikubwa, ule wa mbali ukatupa kidogo. Ukuta haukudanganya, ulikuwa unaeleza umbali kwa lugha pekee unayoijua, yaani ukubwa. Magesa alifurahi, akalizungusha boksi taratibu. Ukutani, mraba mdogo ukakua, ukatoka nje ya mkubwa, ukaumeza.

"Mjusi anayeishi ukutani akiona hivi atasema ni miujiza," akasema. "Usimcheke. Na wewe ni mjusi vilevile, ila ukuta wako ni mnene kidogo."

Huo ndio msingi wa kila kitu nilichofundisha baadaye, kwa hiyo nauweka hapa polepole. Ukuta una vipimo viwili: kushoto na kulia, juu na chini. Boksi lina kimoja zaidi, mbele na nyuma, na ukuta hulipokea kama kivuli. Sasa chukulia kuna boksi lenye kipimo cha nne. Sisi hatuna mahali pa kuliweka, lakini kivuli chake tunaweza kukipokea, na kivuli hicho ni boksi zima dogo ndani ya boksi zima kubwa, kona kwa kona zimeunganishwa. Magesa alikuwa nalo hilo pia, la spoku, limening'inizwa darini kama tundu la ndege aliyetoroka. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Ungeweza kulizungusha unavyotaka, lakini boksi la ndani halikutoka nje hata siku moja. Waya haujui njia ya kwenda upande wa nne.

Kompyuta inaijua, kwa sababu kwake upande wa nne ni namba nyingine tu. Lakini kompyuta zilipofika chuoni, kwanza zilifanywa fanicha. Zilikuwa zile za chogo, nzito kama gunia la mahindi, nazo zilivishwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Kuingia chumbani ulivua viatu. Ufunguo alikaa nao mkuu wa chuo, na aliposafiri ulisafiri naye. Mgeni akija kukagua, kitambaa kilitolewa, kompyuta ikawashwa, kila mtu akatazama ile picha ya mwanzo kwa heshima, ikazimwa. Nilimwomba mkuu aniruhusu niitumie. "Uitumie kufanyia nini?" akauliza, na nadhani alishangaa kweli.

Niliruhusiwa siku za Jumamosi, kwa soksi safi. Programu yangu ya kwanza ilikuwa fupi na ya polepole. Kila kona ya umbo niliipa namba nne, na kila namba ilikuwa moja ama hasi moja. Nikaiambia kompyuta: tazama namba ya nne, kona iliyo mbali igawe kwa umbali mkubwa ili isogee katikati, iliyo karibu igawe kwa umbali mdogo. Hapo umepata kivuli chenye vipimo vitatu. Rudia kazi hiyohiyo kwa namba ya tatu, umepata kivuli cha kivuli, na hicho ndicho kinachokaa kwenye kioo. Mkiogopa hesabu, shikeni hilo tu: kugawa kwa umbali, mara mbili. Mengine yote ni mapambo.

Jumamosi programu ilipofanya kazi, nilimfuata Magesa nyumbani, wakati huo ameshastaafu. Alivua viatu bila kulalamika, akakaa. Boksi la ndani lilivimba, likapita katikati ya kuta za lile la nje, likawa la nje. Magesa alitazama mpaka miwani ikamteleza.

"Miaka yote nimekuwa nikikichora kimesimama," akasema. "Kumbe kilikuwa kinataka kucheza ngoma." Kisha akauliza nani ananiuzia dagaa siku hizi, kwa sababu chumba hakinuki vizuri.

Sasa nije kwenye kufundisha. Ukitamka tu maneno "kipimo cha nne", kuna mwanafunzi mmoja katika kila darasa atakayepaza sauti, "Ni muda, Mwalimu!" Msimzime. Hajakosea, isipokuwa amewahi kushuka kituo kimoja kabla ya chetu. Mwambieni kipimo ni jambo lolote linaloweza kubadilika bila kuyagusa mengine. Vijana wa mjini, waliokulia kwenye maduka ya Mukendo, niliwaambia watumie mashati: mikono mirefu au mifupi, yenye mfuko au bila mfuko, ya rangi au meupe, mapya au ya mtumba. Sifa nne, kila moja ina majibu mawili, changanya majibu yote, utapata mashati kumi na sita. Hizo ndizo kona. Mashati yanayotofautiana kwa jambo moja tu, yafunge kamba. Hizo ndizo kingo. Ukimaliza, boksi la vipimo vinne liko mezani na hakuna aliyelia.

Aliyenipa kazi ngumu kuliko wote alikuwa msichana mmoja, Wankuru.

Alitoka kijiji kimoja nje ya Butiama, kwa wafugaji. Alijua hesabu vizuri na alikuwa na akili ya kutulia, ila akisimama mbele ya darasa sauti ilimkauka. Mafunzo ya vitendo ya mara ya kwanza alifeli. Mtathmini, mama mmoja mkali tuliyemwita Madam Kisyeri, alisema wanafunzi walisinzia huku mwalimu akizungumza na ubao. Utaratibu wa chuo ulikuwa kurudia mara moja tu. Akifeli tena, anafunga sanduku na kurudi nyumbani bila cheti. Na nyumbani kwenyewe, Wankuru aliniambia, walishaanza kumwita Mwalimu tangu siku aliyopokelewa chuoni. Hata bibi yake. Hata wale waliomjua akichunga ndama.

"Nikirudi wataendelea kuniita hivyo, Mwalimu," alisema. "Hapo ndipo nitakapokufa."

Kwa marudio ilibidi atengeneze zana ya kufundishia kwa kompyuta na kuitumia mbele ya wanafunzi wa kweli. Nilimshauri achague chati ya duara, kitu kisichomuuma mtu. Akakataa. Alitaka boksi la vipimo vinne, kwa sababu ndicho kitu pekee alichowahi kukaa nacho akasahau kula. Nikamwambia basi aachane na mashati, atafute vitu anavyovijua yeye. Nami nikasafiri kwenda kwenye semina, mahali tulipofundishwa namna ya kuandaa semina.

Niliporudi, Wankuru alikuwa amemaliza, na picha yake ilikuwa mbovu. Boksi la nje lilikuwa kamili. Ndani, palipopaswa kuwa na boksi dogo, palikuwa na kibao kimoja tu, kimefungwa kwa kamba nne upande mmoja, kama sinia lililoning'inizwa ndani ya kreti. Ukilizungusha, lote lilipepesuka kama mtu aliyetoka kilabuni.

Kwa fundi wa picha hizi, ugonjwa huo unajulikana. Kona nne zimelalia nyingine nne, zimeangukia mahali pamoja, na kosa huwa kwenye kanuni ya kuzungusha. Basi tukaiingia kanuni. Tulibadilisha alama, tukarudisha. Tuligawa kwa umbali mwingine. Niliandika hesabu upya ubaoni, Wankuru akaihakiki, ikawa sahihi, na sinia likaendelea kuning'inia. Siku za mtihani zilikuwa zinakuja, naye alianza kuniuliza kwa upole kama ile chati ya duara bado ipo.

Hatimaye nilimwambia aandike kwenye kila kona jina la kitu alichotumia, ili tuone nani amemlalia nani. Akaandika. Ndipo nikajua ametumia ng'ombe: mweusi au mweupe, ana pembe au hana, dume au jike, ana ndama au hana. Uteuzi mzuri sana. Nikaanza kuita mahudhurio.

"Jike mweupe, ana pembe, ana ndama?"

"Huyu hapa."

"Dume mweusi, ana pembe, hana ndama?"

"Huyu."

"Dume mweusi, ana pembe, ana ndama?"

Wankuru akanitazama kama mtu anayejaribu kujua kama mgonjwa wake anaweweseka.

"Dume mwenye ndama, Mwalimu?"

"Ndiyo. Programu imemweka wapi?"

"Programu haijamweka popote. Sikumwingiza. Huyo hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Mwalimu, dume hanyonyeshi. Tena wewe ulisema tutumie vitu tunavyovijua."

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Kompyuta haikuwa na cha kulalamikia: imepewa ng'ombe kumi na wawili, imewafunga kamba ng'ombe kumi na wawili. Tulikuwa tumeitesa hesabu isiyo na hatia kwa sababu mtoto wa mfugaji hawezi kuandika mnyama wa uongo kwenye zizi la baba yake. Kijana wa Mukendo angemwandika dume mwenye mapacha na asingegeuza hata shingo.

Tuliibadilisha sifa ya nne ikawa yuko zizini au yuko malishoni, jambo ambalo hata dume anaweza. Picha ikafunga, ikazunguka vizuri ajabu. Lile faili bovu nilimwambia alifute. Hakulifuta, nami sikumfuatilia.

Mtihani wake ulikuwa Bunda, katika shule moja ya sekondari, kidato cha tatu. Tulibeba projekta ya chuo tumeifunga kwenye shuka. Madam Kisyeri alikwishakaa nyuma ya darasa na faili lake magotini, miguu ameikunja, hana haraka. Nikakaa pembeni yake.

Wankuru aliwasha. Umbo likatokea ukutani, boksi ndani ya boksi, likizunguka. Darasa likasema, "Waaah!" Kisha likafanya jambo ambalo ningepaswa kulitarajia, kwa kuwa nimefundisha nchi hii maisha yangu yote. Likafungua madaftari na kuanza kunakili.

"Madam, isimamishe kidogo tuchore," mmoja akaomba.

Wankuru akaisimamisha. Wakachora. Mwingine akaomba airudishe nyuma kidogo, hajamaliza ule mstari wa kulia. Akairudisha. Darasa likainama kimya, kalamu zikikwaruza. Wankuru akageukia ubao, akaanza kuueleza ubao habari za namba ya nne.

Madam Kisyeri akaniinamia. "Mwalimu, huyu ametuletea televisheni," akanong'ona.

Mgongo wa Wankuru ulitugeukia, mkono uko juu ya kompyuta, na mimi nikawa tayari namwona na sanduku lake. Kisha picha ikatoweka ukutani. Ikaja nyingine, nayo ilikuwa na sinia linaloning'inia.

"Wekeni kalamu chini," Wankuru alisema. Sasa alikuwa amewageukia. "Hili ni zizi la baba yangu. Kila kona ina ng'ombe mmoja. Ni mweusi au mweupe. Ana pembe au hana. Ni dume au jike. Ana ndama au hana. Wanaotofautiana kwa jambo moja nimewafunga kamba. Wasio na ndama wako nje, wenye ndama wako ndani. Kuna ng'ombe nimewaacha. Ni akina nani?"

Msichana wa dirishani akanyoosha mkono.

"Madam, ndani kuna majike tu. Hakuna madume wenye ndama."

"Kwa nini hakuna?"

"Si kwa sababu hawakuwagapo!"

"Wapo!" Kijana wa nyuma alisimama bila kuruhusiwa. "Madam, dume ana ndama. Kwani ndama ni wa nani?"

"Wa mama yake!" wasichana wakajibu kwa pamoja.

"Nyie wasichana, mama yake alimpata kwa upepo?"

"Sasa huyo dume anamjua mtoto wake?"

"Asipomjua ni wake tu!"

"Na nyie ndivyo mnavyosemaga, halafu mnahamia Mwanza!"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mtu alipiga dawati. Nilimtazama Wankuru nikidhani ameshazama, nikaona anacheka pia, mkono kiunoni, kama mtu aliye nyumbani kwao.

"Subirini," akasema, na wakasubiri. "Zizi hili halimuulizi mtu nani anamnyonyesha nani. Linataka kila jibu likutane na kila jibu, hata kama mnyama mwenyewe hujawahi kumwona. Tumtie dume mwenye ndama tuone?"

"Tumtie!"

"Basi mniitie."

Wakamwita, mweusi mwenye pembe. Akamwingiza, na kamba zikajifunga zenyewe kutoka kwake kwenda kwa jirani zake. Wakamwita mweusi asiye na pembe. Mweupe mwenye pembe. Walipomwita wa mwisho, kuta za boksi la ndani zilifunga, na wale waliokuwa wanabishana walisimama wote kwa pamoja. Wankuru akalizungusha. Boksi dogo likavimba, likatoka.

"Wenye ndama wametoka nje!"

"Hawajatoka. Wamesogea karibu. Ukichunga, ng'ombe wa mbele yako na yule wa mbali, nani anaonekana mkubwa?"

"Wa mbele!"

"Yule wa mbali amekonda?"

"Hapana, Madam. Yuko mbali tu."

"Na hawa ni hivyo hivyo. Ila umbali wao uko upande ambao wewe huwezi kuuchunga."

Mwalimu wa kipindi kilichofuata alifika mlangoni na vitabu vyake, akabaki hapohapo. Ndipo pembeni yangu mkono ukanyooka. Ulikuwa wa Madam Kisyeri.

"Na mimi nina swali," alisema. "Kipimo cha tano utakitoa wapi?"

Darasa likageuka lote kumtazama. Wankuru akachukua chaki.

"Nipe sifa ya tano, Madam. Yenye majibu mawili."

Madam Kisyeri alifikiri kwa dhati. "Wa halali au wa wizi," akasema.

Nafikiri kelele ile ilisikika mpaka stendi ya Bunda. "Madam, hiyo usiiandike!" mmoja alipiga kelele. "Kituo cha polisi kiko hapo tu!"

"Ni rahisi," Wankuru alisema, akipandisha sauti juu ya yao wote. "Unajenga zizi la pili kama hili hili, lote la ng'ombe wa wizi. Kila ng'ombe wa halali unamfunga kamba na mwenzake wa wizi anayefanana naye kwa mengine yote. Umemaliza."

Madam Kisyeri akashusha mkono. Akaandika kitu, akafunga faili.

Barazani aliniambia kwamba Wankuru amepita. Darasa lina kelele mno, akaongeza, na alama za nidhamu amezikata, asije akasema hakuambiwa. Wankuru mwenyewe alipopata habari alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akafunika uso kwa muda. Kisha akauliza gari la Butiama linaondoka saa ngapi.

"Si upige simu," nikamwambia.

"Simu haitoshi, Mwalimu. Mama mpaka aione sura yangu."

Akasimama, akakung'uta sketi, akavuka uwanja wa shule kuelekea barabarani bila kuaga mtu. Chaki ya shule ya watu bado ilikuwa mkononi mwake. Nilimwacha aende nayo.